Mkono wa Edilia Kwenye Kona

Shemeji yangu Edilia Zambrano hajawahi kutazama mchezo wowote akanyamaza. Januari ndio mwezi wake mbaya zaidi: jioni fainali za besiboli ziko redioni, mchana mbio za baiskeli za jimbo letu la Táchira zinapita mbele ya mlango wetu, na mimi, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye wa kusikiliza malalamiko yote.

Besiboli anaiheshimu. Baiskeli inamkera, na inamkera kwa sababu ya Wilmer, mtoto wa dada yake. Wilmer ana miaka thelathini na mmoja. Ameanza mbio hizi mara nne na hajazimaliza hata mara moja. Si mvivu. Kazi yake ni kumhudumia nyota wa timu: kumletea maji, kumkinga upepo, kuchoka kwa niaba yake.

Mwaka huu, siku mbio zinapopanda mlima wetu, redio ilitangaza kwamba nyota amepata pancha kule bondeni na Wilmer amempa gurudumu lake. Gari la timu lilikuwa mbali. Wilmer akabaki kando ya barabara na baiskeli ya gurudumu moja, akisubiri dakika tisa.

Edilia alikuwa anakaanga pastelito, sambusa zetu za jibini. Akatupa mwiko.

"Umesikia, shemeji? Umesikia upuuzi huo?"

"Si ndiyo kazi yake, Edilia."

"Kazi gani! Kwenye besiboli, mtu akiugusa mpira kwa gongo kidogo tu makusudi ili mwenzake asogee mbele, yeye anatolewa, sawa, lakini kitabuni wanaandika kwamba amejitolea. Hahesabiwi kushindwa. Akirudi kwenye benchi wenzake wanampa mikono. Huyu wangu atapewa nini? Atazolewa kama takataka!"

Alimaanisha gari la ufagio, lile linalokuja nyuma ya wote kuwazoa waliochelewa. Ni kweli, na mimi pia damu ilinichemka. Mshindi akishavuka mstari, wengine wana dakika arobaini. Atakayezidisha, kesho haanzi. Hakuna anayekuuliza gurudumu lako lilikwenda wapi.

Tukatoka hadi kwenye kona na blanketi zetu mabegani na birika la maji moto ya sukari guru. Mshindi akapita, wala si yule nyota. Nyota alipita wa kumi na saba, juu ya gurudumu la watu, na Edilia alimpa maneno ambayo siyaandiki hapa. Redio ikasema mshindi amevuka mstari, kilomita mbili juu yetu. Saa ikaanza kuhesabiwa. Dakika kumi. Ishirini. Watu wakaanza kurudi majumbani, na askari mmoja akataka kutuondoa barabarani.

"Ondoka wewe," Edilia alimwambia. "Mimi nimezaliwa kwenye kona hii. Wewe nani amekuita?"

Dakika ya ishirini na nane Wilmer akatokea, peke yake, uso mweupe kwa chumvi ya jasho. Gari la ufagio lilikuwa kisogoni mwake, na pikipiki ya mwamuzi kando yake.

Sasa, hapa kwetu milimani, mpanda baiskeli aliyechoka akipita mlangoni mwako nawe usipomsukuma, utasemwa mpaka Pasaka. Ndivyo tulivyokuzwa. Kila mwaka waamuzi wanatukataza na kila mwaka tunasukuma. Edilia akavua blanketi. Wilmer akamwona, akatikisa kichwa. Sote tulidhani anasema hawezi tena.

"Twende, baba! Twende, mwanangu, usiwape raha!"

Akamwekea mkono kiunoni, akakimbia naye hatua hamsini nzima, mama wa miaka sitini na mbili, nami nyuma yao nikipiga kelele kama mwehu. Filimbi ikalia.

"Hii ya tatu wiki hii," mwamuzi alisema, akishuka kwenye pikipiki. "Mbili za kwanza amesukumwa huko chini, nikamwonya. Sasa basi, ametolewa mbioni. Lete namba."

"Yeye hakuomba! Nimesukuma mimi! Kwenye besiboli kosa linaandikwa kwa aliyelifanya. Niandike mimi, basi! Edilia Zambrano! Andika!"

"Mama, wewe huna namba."

Akaibandua namba mgongoni mwa Wilmer mbele yetu. Nilimwambia hana utu, na hata leo nasema hana utu.

Wilmer alikuwa ameinamia usukani. Alipopata pumzi alisema, bila hasira yoyote, "Nilikuwa nawahi, mama mdogo. Mwamuzi alishaniambia nimebakiza dakika kumi na mbili, na mimi kilomita mbili hizi nazipanda kwa kumi. Nilikutikisia kichwa usiniguse."

 Mlango wa gari la ufagio ukafunguliwa. Edilia akanyoosha mkono amshike Wilmer kiwiko, ampandishe. Wilmer akauondoa mkono ule taratibu, akapanda mwenyewe.