Nilikataa Isale la Mdogo Wangu

Nimekosa, ndugu zangu. Tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu, sikulewa wala sikulogwa. Naandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kusema.

Mimi ni dereva wa lori. Napakia Arusha, nashika Dodoma, Iringa, Tunduma, navuka Zambia mpaka Kongo. Barabara moja, nchi tatu, mwezi mzima kwenye usukani. Kwetu ni Umeruni, juu huko kwenye migomba. Shamba la kahawa la marehemu baba nilimwachia mdogo wangu Elia, aliyekuwa anaishi na mama.

Siku moja narudi safari, nakuta Elia ameng'oa kahawa yote ya baba, kapanda nyanya! Na nyanya zenyewe zimeshakaushwa na ugonjwa. Jamani, nilimtukana mbele ya mama matusi ya kuona haya kuyaandika.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kimandolu, pale Arusha mjini, nakaza turubai niondoke. Elia akaja kwa miguu, ameshika isale. Kwa msiojua, hilo ni jani tunaloombea msamaha. Ukiletewa, hata kama umeuliwa mtu wako, unapokea. Halikataliwi.

"Shikamoo kaka. Nimekosa. Naomba upokee."

"Kalipande kwenye nyanya zako," nikamjibu. Nikapanda, nikawasha gari. Kwenye kioo nilimwona bado amenyoosha mkono. Nami sikusimama! Kiburi gani kile?

Sijafika hata Tunduma, mama akapiga simu analia. Elia kaondoka na begi, simu yake haipatikani.

Miaka minne nimemtafuta njia nzima. Kila maegesho ya malori nashuka na picha yake, nauliza wapakiaji, mama ntilie, madereva wenzangu. Mwaka huu nikamkuta Kapiri Mposhi, kule Zambia, anabeba magunia ya mahindi. Kakonda, lakini ni yeye, na kovu lake la panga shavuni, la tangu utotoni. Nikapiga magoti vumbini, watu wote wananitazama.

"Elia, mdogo wangu, nisamehe!"

Akashusha gunia. Halafu akasema taratibu, kwa lafudhi ile ile ya kwetu, "Umenifananisha, bosi." Akajitwika gunia lake, akaenda.

Kesho yake nikarudi pale. Wenzake wakaniambia amedandia lori, hawajui la kwenda wapi.

Mama hajui haya. Kila nikirudi ananiuliza kabla sijakaa, "Hujamwona?" Nami namjibu, "Bado, mama." Namdanganya mama yangu mzazi! Macho yanamwishia, na kitanda cha Elia bado anakitandika.

Wewe uliyemnunia ndugu yako, hebu nisikilize. Akija kukuomba msamaha, mpokee siku hiyo hiyo, akiwa bado anakubali kwamba mnajuana.