Kiganja Juu ya Kitovu

Tangu wamkate utumbo, tumbo la Persida lilikuwa kimya. Halikunguruma, halikutoa upepo. Alikuwa amechua matumbo ya bonde zima la mto Timok, akirudisha kwa mafuta na vidole kamba ya tumbo iliyoanguka, ule mshipa wa kitovuni ambao ukihama huumiza. Siku hizi watu humeza vidonge, na wachuaji wamekwisha. Sasa alilala hospitalini, tumbo limevimba kama ngoma. Daktari alikuwa amesema wazi: lisipoamka hadi atakapopita mchana, atalifungua tena. Persida alijua hatatoka hai kwenye kisu cha pili.

Asubuhi nesi Radojka akambandika vibandiko ubavuni, akaunganisha nyaya za mashine ya kuamsha utumbo kwa umeme.

"Usiogope, bibi. Umeme huu hata kuku haumuui."

"Kuku unamjua wewe? Si mnawanunua kwenye mifuko!"

Radojka akacheka, akawasha mashine, akaenda zake.

Tumbo likaanza kuruka lenyewe, kama lina chura ndani. Kisha mruko ukashika njia: ukaanza chini kulia, ukapanda, ukavuka, ukashuka kushoto. Ndivyo alivyochua marehemu mama yake. Halafu kiganja cha moto kikatua juu ya kitovu, mahali pasipo na waya.

Persida akafumba mdomo. Kamba inaporudishwa, mgonjwa hasemi wala hatoi ishara mpaka mkono uondoke wenyewe. Akisema, mchuaji humwacha na hamrudii tena. Zamani hata watoto walilijua hilo.

Upepo ukamtoka, taratibu, bila sauti.

Mchana daktari akaja. Mashine ilikwisha kuzimwa, lakini kiganja kilikuwa palepale.

"Vipi, mama, umejamba?"

Kimya.

"Bibi, usituonee haya," Radojka akambembeleza. "Hapa ukijamba tunakupigia makofi!"

Kimya. Daktari akasikiliza tumbo. "Sauti ni hafifu. Kama upepo haujapita, tunafungua."

Kitanda kikasukumwa. Kiganja kikakandamiza, kama kinamwomba avumilie kidogo tu. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka, Persida akaona visu vimepangwa juu ya kitambaa.

"Umetoka," akasema. "Upepo. Tangu asubuhi."

"Ala! Na ulikuwa unangoja nini, mama?"

Kiganja kikanyanyuka, kidole kimoja kimoja. Kitovu kikapoa.

Wakamrudisha wodini, Radojka akipiga makofi njia nzima. Persida akauweka mkono wake mwenyewe pale palipopoa. Ulikuwa mkono wa kikongwe, baridi, na haukujua tena pa kuanzia.