Rovu la Mama Ubaoni

Mama alikubali nimchonge kwa sharti moja. "Nyara, binti yangu, hii rovu usiniweke nayo. Watu wa kanisa wameiangalia ya kutosha." Nami, kwa ukaidi wangu wa kuzaliwa nao, nilikuwa nimeshalichora, uvimbe wote, shingoni.

Nachapa picha kwa ubao wa plaiwudi, ubao mmoja kwa rangi zote. Nachonga, nachapa manjano kwenye karatasi, nikisugua kwa mgongo wa mwiko. Nachonga tena, nachapa nyekundu juu yake. Nyeusi huja mwisho. Palipochongwa hapashiki wino, kwa hiyo rangi ya chini ndiyo hubaki kuonekana. Ukikosea, maji yakimwagika hayazoleki.

Ilikuwa imebaki nyeusi tu. Kuliondoa rovu kulitaka nichonge kivuli chake cheusi kitoke ubaoni, kazi ya dakika kumi. Niliiahirisha wiki nzima, mpaka asubuhi ambayo kaka yangu alimpeleka mama Homa Bay akatolewe rovu lenyewe. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo na unaweza kuguswa. Mama ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani kwetu Karungu. Bila sauti sijui angekuwa nani.

Saa nne kaka akaniandikia: "Wameanza." Nikashika patasi ili nisifikirie. Mimi ni Mkristo, nawacheka wanaoogopa vivuli vyao, lakini ncha ilipogusa ile shingo, niliinua patasi. Niliogopa kwamba ninavyokata mimi ndivyo anavyokatwa yeye. Nikasukuma hivyo hivyo. Patasi ikateleza, ikapita kooni upande hadi upande. Kwenye weusi wa shingo, mstari huo ungetoka mwekundu.

Niliitupa patasi chini ya meza. Nikapiga magoti, mtu mzima, nikimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya plaiwudi.

Saa tisa simu ikalia. "Ameamka," kaka akasema. "Ongea na yeye pole pole."

"Mama?"

Nikasikia pumzi tu. Nikaita tena, na tena, nikaanza kulia.

"Umeitoa kwenye picha?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Bado, mama. Mkono uliteleza. Nimekukata koo."

"Hata huyu daktari wa huku amenikata koo," akasema. "Lakini yeye amemaliza kazi."