Ukuta Haupo Ulipochorwa

Jumamosi moja, katika ukumbi wa chama chetu cha wasemaji wa Kiswahili huko Alby, Sweden, niligombana na mwenyekiti kwa ajili ya ukuta wa mawe. Tulikuwa tukitayarisha maonyesho kuhusu bandari ya mji nilimozaliwa, ambayo wakoloni waliijengea ukuta baharini ili meli zipate kinga wakati wa tufani. Maelezo niliyaandika mimi, niliyekuja Sweden ujanani kusomea uhandisi wa bandari. Niliandika kwamba ukuta ulijengwa mbali na ulipochorwa kwenye mchoro wa serikali tulioutundika ukumbini, na kwamba aliyeonyesha mahali imara alikuwa baba yangu, mbeba mawe.

“Mzee, si mchoro wa serikali ndio huu?” alisema mwenyekiti, Mkenya. “Waswidi watakuja hapa. Tuwaambie mhandisi alikosea?”

“Waambie. Nilipima mwenyewe.”

Kabla ya kuja huku nilikuwa mpimaji wa kina bandarini. Tulishusha kamba yenye kipande cha risasi kilichopakwa shahamu, ili ituletee kilichoko chini. Palipochorwa ukuta, shahamu ilipanda na tope laini kama uji. Mawe yangezama yote. Hatua sitini kusini, ubavuni mwa ukuta wenyewe, ilipanda safi, imechubuliwa na mwamba.

“Na baba yako?” aliuliza mama Mkongomani aliyekuwa akiandika mabango. “Papa, ulimwona akiwaonyesha?”

“Sikuwa nimezaliwa.”

“Sasa nani alikuambia?”

“Shangazi.”

“Eh, Papa!” Alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. “Juzi umenifutisha habari ya mbuzi aliyezikwa chini ya ukuta, ukasema ni uvumi. Kumbe shangazi yeye si uvumi?”

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alisema kweli. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza shangazi alikojulia. Niliiokota kalamu nikamfuta baba yangu kwa mkono wangu.

Mwenyekiti alishusha pumzi. “Sawa, Mzee. Sasa tufute na ile ya mchoro, yaishe.”

“Hiyo haifutwi. Ukiifuta, natungua picha zangu zote za bandari, na Waswidi wako utawaonyesha misumari.”

Hakuifuta. Chini yake nikaongeza: “Aliyeujua mwamba huo hakuandikwa popote.” Hilo sikusimuliwa na mtu. Majalada ya ujenzi ule niliyasoma yote, ukurasa kwa ukurasa, na anayebisha aende akayasome.