Foleni ya Darajani

Kila lori lake linapokwama kwenye foleni ya mpaka wa Malaba, dereva mmoja wa masafa marefu huja kunyoosha miguu kwenye bustani ya kando ya mto, na Hamidah, anayeuza chai langoni, humtambua hata kabla ya kumwona uso. Mkono wake wa kulia, ule wa dirishani, umeungua jua kuliko wa kushoto. Hatembei kwa haraka, na pale kijia kinapokata kona kuingia msituni, yeye huizunguka kwa mbali, kana kwamba bado anavuta trela. Chai hunywa wima, macho yakiwa mbele, maana huwezi kujua foleni itasogea saa ngapi.

Leo asubuhi watu watatu walikuwa wamesimama kwenye daraja la mbao la pale bustanini. Dereva akaja akasimama nyuma yao, akakunja mikono kifuani. Wakaja wengine, nao wakasimama nyuma yake. Ilipita robo saa nzima ndipo akamwuliza mama aliyekuwa mbele kabisa, "Mama, bado hawajafungua?"

"Nani afungue? Mimi naangalia tumbili ananyonyesha."

Dereva alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja. Kisha akasogea pembeni, akawageukia waliokuwa nyuma, akainua ule mkono wa dirishani na kuanza kuwapitisha mmoja mmoja, bila kutabasamu, kama askari wa mpakani. "Pita. Na wewe pita. Safari njema, mzee."

Hamidah, aliyekuwa akitazama kutoka langoni, aliacha birika juu ya jiko, akakimbia kwenda kupanga foleni.