Piko Kabla ya Pasipoti

Mwanangu anafanya kazi bandarini. Meli za watalii ameziona zikija na kuondoka, mpaka mwaka huu akasema, "Mama, na sisi tupande. Twende Unguja na watoto, tulale melini, turudi." Pasipoti sina. Ningeipeleka wapi? Kutoka Mishomoroni kwenda sokoni Kongowea hakuna anayekuuliza.

Siku moja kabla ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole za pasipoti, mjukuu wangu, anayejifunza kupamba maharusi, akanishika mikono. "Nyanya, utaingia ofisi ya serikali umepauka hivi?" Akatupaka sote, mimi, mamake ambaye ni mkwe wangu, na yeye mwenyewe: maua ya hina viganjani, na ncha za vidole rangi ya piko, nyeusi tii. Sikukataa. Ilipendeza.

Kesho yake mashine ya alama ikatukataa sote watatu.

"Bonyeza tena, mama," kijana wa ofisini akasema. Nikabonyeza. Akatazama kompyuta yake, akatazama vidole vyangu, akajiuma mdomo. "Kwani kuna harusi?"

"Kuna safari. Na usicheke."

"Basi rudini piko ikitoka. Alama hazisomeki."

Meli haikuwa ya kutungoja. Tungepitisha wiki ile, pasipoti zingetoka meli imeshaondoka. Mwanangu na wavulana wake, wasio na piko, wangepanda, sisi wanawake tubaki kuwapungia. Mjukuu alilia mpaka nyumbani.

"Nyamaza," nikamwambia. "Piko haitoki kwa machozi. Lete sabuni ya mche."

Nikatoa mashuka yote ya nyumba. Mkwe wangu, mwenye mashine yake ya kufulia, nikamkalisha mbele ya karai.

"Mama, kucha zangu!"

"Pasipoti haitaki kucha. Fikicha."

Habari ikazagaa mtaani. Jirani wa kwanza akaja na mapazia: "Hodi! Nasikia hapa mwatafuta nguo za kufua."

"Karibu, tua hapo."

Wa pili akaleta zulia. Wa tatu, huyo hana haya, akaleta masufuria ya pilau yenye masizi ya tangu Idi, tukayasugua kwa makumbi ya nazi na mchanga. Uani kukawa na vicheko kama kuna harusi kweli. Mimi sikucheka, nilisugua. Nilicheka mara moja tu, mapazia ya jirani yalipotoka meupe, naye akaapa, "Wallahi, sikujua kama ni meupe!"

Tuliporudi ofisini wiki ile ile, vidole vilikuwa vimekunjamana kama zabibu kavu, lakini safi. Mashine ikavikubali kimoja baada ya kimoja. Yule kijana akauliza tumefanyaje.

"Tumefua," nikasema, nikamshika mjukuu mkono tukatoka kabla hajabadili nia.

Alhamdulillahi, meli tuliipanda sote. Mombasa haijapotea machoni, mjukuu akachomoa hina mkobani. "Nyanya, lete mkono."

"Irudishe! Mkono usubiri tushuke nyumbani, inshallah; huko nako wasije wakataka vidole."

Akanuna, midomo mirefu. Nikavua kiatu, nikamnyooshea mguu.