Kilo Moja na Robo Iliyopotea

Siku shemeji yangu Milimita alipokuja kuazima mizani, tulikuwa tumenuniana wiki tatu nzima.

Mimi ni dobi, yeye ni seremala, na kati yetu kuna ukuta wa matofali unaonifika puani. Ukuta huo haujawahi kuzuia kitu. Msumeno wake ukianza kulia, vumbi la mbao linapanda, linavuka, linatua kwenye kamba zangu taratibu kama limealikwa. Miaka kumi na moja nafua, naanika, nafua tena. Safari hiyo vilikuwa vitambaa vya meza vya hoteli, ishirini na vinne, vyeupe pe, na nilimtolea maneno ambayo hata mimi mwenyewe niliyaona makali. Naye akanijibu lile lile la siku zote: "Hilo ni vumbi la barabarani, dada." Namwita shemeji kwa sababu mimi na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, tumechukuana kama ndugu wa tumbo moja. La Milimita ni jina alilopewa na mtaa.

"Hodi," alisema, amesimama mlangoni. "Naomba mizani yako kubwa. Wiki mbili tu."

"Wiki mbili! Na mafurushi ya wateja nipimie nini, macho?"

"Nitakuwa naileta asubuhi na kuichukua jioni."

"Unataka kupima nini?"

Akajibu bila kupepesa: "Vumbi."

Nilidhani ananikejeli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, akatoa karatasi mfukoni. Ofisi ya mazingira ilikuwa imewaandikia maseremala wote: kila karakana ipate kibali cha ubora wa hewa ndani ya siku arobaini, isiyopata ifungwe. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Swali la tisa liliuliza kiasi cha vumbi linalotoka kwa siku. Milimita alikwenda mpaka dirishani pa ofisi hiyo kuuliza maana yake, karani akamwambia, "Mzee, andika kidogo. Wenzako wote wameandika kidogo." Yeye akauliza, "Kidogo ni kilo ngapi?" Karani alicheka mpaka akavua miwani.

Nikaigeuza ile fomu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa: Maelezo ya jirani wa karibu. Chini yake mistari mitupu kumi na miwili.

"Hapo sijafika," akasema haraka, akainyakua.

Sitaki kujifanya malaika. Nilifurahi. Jirani wa karibu ni mimi, na mistari kumi na miwili ilitosha kabisa kwa yale niliyokuwa nayo moyoni. Nikampa mizani huku nimemkata jicho.

Mtu huyu, lazima mumwelewe, hupima kila kitu. Ukimuuliza sokoni ni mbali gani, atakuuliza hatua za nani. Kuna mteja aliondoka na kabati lake anacheka, kesho yake Milimita akamfuata nyumbani kulidai lirudi karakana kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umeshuka milimita mbili. Mteja alimfungia geti, akidhani fundi amechanganyikiwa. Milimita alikaa nje ya geti asubuhi nzima mpaka akafunguliwa. Na mimi mwenyewe, ingawa sipendi kulikiri, nilikuwa napiga pasi kwenye meza ya kawaida, ikifika jioni mgongo umekufa. Siku moja akaingia na futi yake ya kupimia, hakuomba ruhusa, akanipima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, na viatu na bila viatu. Wiki iliyofuata akaniletea meza. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Ile ya zamani ilikuwa fupi kwa sentimita kumi na moja," akaenda zake. Mgongo haujaniuma tena. Ndiyo maana kugombana naye kunachosha: ukishaanza kumchukia vizuri, unakumbuka mgongo.

Basi akaanza. Asubuhi alipima mbao kabla hazijaguswa. Jioni alipima vilivyokwisha kutengenezwa, na vipande vilivyobaki, na maranda, na unga wa msumeno uliozolewa chini. Kila kitu kwenye gunia lake, kila gunia na nambari yake. Kisha akajumlisha. Hesabu haikukubali. Kila siku ya Mungu, asubuhi kilo kadhaa, jioni pungufu ya kilo moja na robo.

Alihangaika. Alipanda ngazi akafagia mapaa. Alifungua mashine ya msasa akaikung'uta. Mkewe alinisimulia huku amejishika mbavu kwamba mume wake kajivua nguo mlangoni, akakung'uta shati na suruali juu ya gazeti, akazirudisha gramu sitini karakana kwenye bahasha. "Na nywele zake je?" nikauliza. "Nimezichana mimi," akasema mwalimu, "gramu nne." Tulicheka mpaka machozi. Lakini Milimita hakuwa akicheka. Uso ulikuwa umemshuka, anatembea anahesabu kwa vidole.

Mimi nilijua kilo yake iko wapi. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nikanyamaza siku tatu, nikimtazama anavyotafuta. Ubaya ulioje! Siku ya nne nikachoka na ubaya wangu. Nikaanua mashuka sita yaliyokuwa yamekauka upande wa ukuta, nikachukua na mizani yangu ndogo, ile ya kupimia sabuni ya unga, nikaingia karakana mchana kweupe. Nikatandaza gazeti juu ya meza yake ya kazi. Nikakung'uta shuka moja moja, polepole, kama mtu anayefungua barua. Nikakusanya vumbi, nikalitia kwenye kibakuli, nikaweka kwenye mizani.

"Gramu themanini na moja," nikasema. "Mashuka sita, tangu asubuhi. Nyuma ya nyumba nina kamba nane. Hesabu mwenyewe."

Akalichukua vumbi kwa vidole viwili, akalisugua, akalinusa. Mbao anazijua kwa harufu.

"Hili ni la msasa," akasema.

"Si la barabarani?"

Alikaa juu ya kigoda. Msumeno wake alikuwa ameuzima, na kwa mara ya kwanza nikasikia karakana ile inavyokuwa ikinyamaza. Halafu akaniambia, "Miaka kumi na moja nimekuita mwongo, dada. Nisamehe." Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu, nimeipangia na majibu. Nikamwambia tu arudishe mizani kwa wakati.

Swali la tisa akalijaza: vumbi lote kwa siku ni kilo ngapi, na katika hizo, lipotealo hewani ni kilo moja na robo. Karani hakucheka tena, akaita wakubwa. Jibu likaja upesi. Karakana inayorusha zaidi ya kilo moja kwa siku haipewi kibali mpaka iwe na mtambo wa kufyonza vumbi na mifuko ya kulinasa, na ukaguzi ufanyike kabla siku arobaini hazijaisha. Zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Maseremala wenzake walimpigia simu kumcheka: wao walishaandika kidogo na wanasubiri vibali vyao. Mkewe alimsihi akaombe fomu nyingine.

"Waandikie kidogo, baba, yaishe!"

"Nikidanganya kwenye karatasi," akamjibu, "kesho nitashikaje futi?"

Mwalimu akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. Ukiwa na kichwa kigumu kama hicho nyumbani, unafanyaje?

Akaamua kuunda mtambo mwenyewe. Feni aliitoa kwenye mashine mbovu iliyokuwa imelala uani, mabomba akaunga ya bati, kila mashine ikapata mdomo wake wa kufyonza. Kilichomshinda ni mifuko. Kitambaa chepesi kinapitisha vumbi, kizito kinaziba feni inakoroma. Alikuwa ameshajaribu vitambaa vitatu aliponiona natazama juu ya ukuta.

"Hivyo vyote ni upuuzi," nikamwambia. Sikuweza kujizuia. Nani anajua kitambaa gani kinashika vumbi la msasa kama si mimi? Miaka kumi na moja nimekuwa shuleni bila kujiandikisha. Pamba nyepesi linapenya, nailoni linateleza, ila drili, ile ya ovaroli, iliyofuliwa mara nyingi mpaka nyuzi zimebanana, drili inalishika halitoki mpaka ulipige. Nilikuwa na rundo la ovaroli kuukuu ambazo kiwanda kimoja kiliniachia nitengenezee madekio. Nikashona mifuko minne, mshono mara mbili.

Mfuko wa kwanza ulipasuka. Si mshono wangu, nasema mapema: ni yeye aliyeufunga kwa waya akaubana kupita kiasi. Ulipasuka kwa kishindo, vumbi la siku mbili likapanda kama wingu, likavuka ukuta, likashukia sare za wauguzi arobaini nilizokuwa nimemaliza kuanika. Milimita alikuja mbio, mweupe mwili mzima kama amechovywa kwenye unga, macho mawili tu yanaonekana. Nilimtazama, akanitazama, nikaangua kicheko mpaka nikakaa chini. Tulizifua wote watatu, mwalimu akisuuza, Milimita akikamua. Anakamua vizuri, mikono ile. Siku ya pili akafunga kwa mkanda wa ngozi, na feni ikavuta.

Siku ya ukaguzi zilikuwa zimebaki siku tatu. Jana yake nilimwita ukutani nikamwambia asiwe na wasiwasi na ukurasa wangu, nitasema vumbi halipo kabisa. Nilidhani atafurahi. Alikasirika.

"Nimepima wiki mbili," akasema, "ili wewe uje uandike kidogo?"

Akaenda zake.

Afisa alikuwa binti mdogo mwenye buti kubwa, akanisalimia shikamoo kwa adabu. Aliziwasha mashine zote kwa pamoja, akapima ndani, akapima mlangoni, akaandika. Kisha akaja upande wangu na fomu ile, ukurasa wa tatu. Milimita na mkewe wakamfuata.

"Mama, kifaa changu kiko sawa," akasema. "Lakini jirani akilalamika, faili linaanza upya, na muda hakuna tena. Karakana itafungwa. Kwa hiyo nakuuliza: kuna vumbi linalokufikia?"

Mwalimu alinikazia macho, yananisihi. Mume wake alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamwona alivyozeeka, mikono imening'inia, mtu ambaye tangu utoto hajajua kazi nyingine. Neno moja langu na atakaa nyumbani kupima milango ya watu kwa macho. Zamani neno hilo ningelitoa bure na nyongeza juu yake. Sasa sikulitaka. Nikajikaza kisabuni.

"Lipo," nikasema. "Linanifikia."

Kalamu ya binti ikasimama. Mwalimu akashika mdomo.

"Gramu sita," nikaendelea. "Kwa mashuka sita, toka asubuhi mpaka mchana. Zamani zilikuwa themanini na moja. Nina daftari, nimepima siku tisa mfululizo, siku ya upepo zilifika nane." Nikampa. Alifunua ukurasa kwa ukurasa, muda mrefu, namba zangu zilizopinda na alama za maji ya sabuni.

"Kwa hiyo unalalamika, mama?"

"Silalamiki, mwanangu. Nakupa hesabu."

Akayanakili yote kwenye ile mistari kumi na miwili, ikajaa kasoro mmoja. Akaondoka na fomu. Tulilala siku mbili hatujui. Mwalimu hakunisemesha, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa naanika nguo nimeupa ukuta mgongo, nikijiuliza ni mtu gani huyu anayepewa nafasi ya kumwokoa jirani akachagua gramu.

Siku ya arobaini, mchana, Milimita akaingia uani na bahasha. Hakutabasamu, lakini alikuwa anatembea bila kuhesabu. Kibali kilikuwa ndani, na mhuri. Nilimrukia mwalimu aliyekuwa nyuma yake, tukazunguka katikati ya mashuka kama wasichana, huku kila mmoja akimwomba mwenzake radhi.

"Kuna sharti," akasema Milimita, akinyoosha karatasi nyingine. Kila mwezi vumbi lipimwe mpakani, na mtu asiye mwenye karakana, atakayechaguliwa na mwenye karakana mwenyewe. Nafasi ilikuwa imeshajazwa kwa mwandiko wake ulionyooka: Dobi, jirani wa karibu.

"Si ungemwandika mwalimu? Hesabu ndiyo kazi yake."

"Yule ananipenda," akasema. "Ataniandikia pungufu."

"Na mimi?"

"Wewe utaandika ilivyo."

Nimesifiwa sana maishani kwa weupe wa nguo za watu. Sifa kama hiyo sijawahi kupewa, na macho yalinijaa machozi mbele yao wote wawili wala sikuyaficha. Nikachukua kalamu, nikaweka karatasi juu ya meza ya pasi, nikatia saini. Milimita akainama kuangalia kama imekaa sawasawa juu ya mstari.